Sweta Nililolichemsha

Baba yangu alikuwa dobi kwa miaka kumi na minane. Ninalisema hilo kwanza kwa sababu yeye mwenyewe hakupenda lisemwe. Alifua nguo za Kaburu mmoja kwenye shamba lililokuwa kati ya Eldoret na Turbo, shamba lile lile ambalo baadaye tulikuja kulima mahindi yetu. Uhuru ulipokuja, Kaburu aliuza, akapakia vyombo vyake kwenye lori, akaenda zake kusini kwa watu wake. Wafanyakazi aliowaacha, pamoja na watu wengine waliokuja na mizigo yao kutoka mbali, wakaunda ushirika wakalinunua lile shamba. Siku ya kupiga kura za ploti, Baba alitia mkono kwenye kofia, akatoa kijikaratasi, na kijikaratasi kikatupa ekari nane upande wa mtoni.

Siku ile ile tulipoonyeshwa vigingi, alifanya jambo ambalo majirani walilicheka kwa miaka. Alitoa kanzu yake nyeupe ya kazi, ile aliyoivaa nyumbani kwa Kaburu, akaivalisha miti miwili iliyofungwa msalaba, akaisimamisha katikati ya shamba ifukuze ndege. Kisha akainua mikono yake mbele ya Mama na mbele yangu.

"Hii mikono haitafua tena nguo ya mtu yeyote," akasema. "Kutoka leo ni jembe tu."

Na kweli hakufua. Hata kitambaa chake cha mfukoni alikiacha kwenye kiti mpaka mtu akiokote. Mama ndiye aliyefua, na nilipopata nguvu ya kubeba ndoo nikafua mimi. Wanaume waliopita njiani walizoea kunyoosha kidole kuelekea kwenye ile kanzu katikati ya mahindi na kusema, "Mzee, naona dobi wako bado yuko kazini!" Baba alicheka pamoja nao, cheko la mdomo tu, macho yakiwa mahali pengine.

Lakini ukimkuta wakati tunapukuchua mahindi, mikono ina kazi na mdomo hauna, angekueleza ufuaji mpaka ukajiona mjinga. Shuka za memsahib, mke wa Kaburu! Alizichemsha kwenye pipa, akazigeuza kwa fimbo, akazitia buluu kidogo ya kung'arisha, na zilipoanikwa, anasema, ng'ombe walikuwa wanaziogopa kwa weupe. Vitambaa vya meza navyo vilichemshwa. Taulo za wageni vilevile. "Kitu cha heshima kinachemshwa," alikuwa akisema, huku punje zikidondoka kwenye kikapu. "Kitu cha kawaida ndio unafua na maji baridi." Nililishika neno hilo kama watoto wengine walivyoshika katekisimu. Sikugundua wakati ule kwamba katika hadithi zake zote hapakuwa na sweta hata moja.

Nilipomaliza darasa la saba, barua ilikuja kutoka shule ya bweni ya wasichana, huko juu kuelekea Timboroa. Hakuna msichana wa shamba letu aliyewahi kupata barua kama hiyo. Mwalimu aliisoma kanisani na Mama akalia mbele za watu bila haya. Ndani ya barua mlikuwa na orodha: sanduku la bati, blanketi, viatu vyeusi, na sweta la sufu rangi ya damu ya mzee. Huko Timboroa baridi haina mchezo, umande unaganda juu ya majani mpaka jua lipande. Chini ya orodha palikuwa na mstari mmoja nilioujua kwa moyo kabla ya jioni: msichana atakayefika bila vitu hivyo atarudishwa langoni, na nafasi yake atapewa mwingine.

Mama hakutaka sweta la dukani. Alitembea mpaka mjini Eldoret, ambako wazee bado walikuita Sisibo, akanunua uzi wa sufu kwa Mhindi, akarudi na mabunda yamefungwa kwenye leso kama mtoto. Alikuwa amefundishwa kufuma na akina mama wa kanisani, na alifuma mahali popote alipoweza kukaa, na pengine asipoweza kukaa. Alifuma akingoja maziwa yachemke. Alifuma akienda kisimani, mtungi mgongoni, sindano mbili zikigongana mbele yake. Shingo ya lile sweta aliifumua mara mbili kwa sababu haikumridhisha. Alianza mahindi yakikauka shambani, akamaliza yakiwa ghalani.

Sijaona tena kitu kama kile. Nimekuwa mwalimu, nimevaa nguo nyingi, nimeingia maduka ya Nairobi nikashika vitambaa vya kila namna, na bado nikifumba macho naliona lile sweta juu ya magoti ya Mama siku alipokata uzi wa mwisho. Kila kifundo kilikaa karibu na mwenzake kwa usawa ulioniogopesha. Nilijiuliza mtu anawezaje kuanza na uzi mmoja mrefu usio na umbo na kumaliza na mabega. Nilipolivaa, mikono ilifika katikati ya viganja, kwa sababu Mama alitaka nikue nalo.

Wiki moja kabla ya shule kufunguliwa, Mama aliitwa kwa mdogo wake aliyejifungua, upande wa Kapsabet. Angerudi Jumapili. Mimi nilitakiwa shuleni Jumanne.

Ijumaa nikabaki peke yangu na sweta langu. Nikalinusa. Lilinuka moshi, maana sehemu kubwa lilikuwa limefumwa karibu na mafiga. Nikawaza wasichana wa mjini watakaolala kitanda cha karibu nami, wanaonuka sabuni ya kipande, na mimi nanuka jikoni. Hapo shetani akanipitia, ingawa wakati ule nilidhani ni malaika. Nikawaza: hiki ndicho kitu cha heshima kuliko vyote vilivyowahi kuingia nyumba hii. Nikajaza debe maji. Nikachochea kuni. Maji yalipoanza kuruka, nikakata sabuni nusu kipande, nikalitumbukiza sweta la Mama, nikaligeuza kwa mwiko huku nikiimba.

Wahenga walisema maji ya moto hayachomi nyumba. Juu ya sweta hawakusema chochote.

Nililitoa kwa ncha ya mwiko, nikangoja lipoe. Mwanzoni nilidhani limejikunja tu. Nikalinyoosha. Halikunyooka. Lilikuwa limekuwa nene na gumu kama kipande cha tandiko la punda, vifundo vyote vya Mama vimemezana, na mikono yake isingemtosha mtoto wa miaka mitatu. Nililivuta kwa nguvu zangu zote, likakataa. Nikakaa chini kwenye majivu na sikulia, kwa sababu kulia kunahitaji mtu awe na tumaini kidogo.

Baba alirudi kutoka shamba alasiri na kunikuta pale pale. Ni lazima niseme hapa alikuwa na nini moyoni siku hiyo. Kesho yake, Jumamosi, wanachama wa ushirika wangekutana kwenye stoo ya zamani ya Kaburu kuchagua kamati. Baba alitaka kuingia kamati hiyo kuliko alivyotaka mvua. Kulikuwa na wanaume waliosema waziwazi kwamba dobi hawezi kuamua mambo ya wenye mashamba. Miaka yote ile ya jembe alikuwa akiwajibu kimya kimya, mistari yake ya mahindi imenyooka kuliko ya mtu yeyote kando ya mto. Kabla Mama hajaondoka alikuwa amempigia pasi shati na kulitundika.

Aliliokota sweta, akaligeuza nje ndani.

"Nani amechemsha hii?"

"Ni mimi, Baba."

"Kwa nini?"

"Ulisema kitu cha heshima kinachemshwa."

Nilingoja kofi, na ningelipokea kwa shukrani.

"Nilisema shuka," akasema mwishowe, polepole. "Sweta sikukuambia. Sikukuambia kabisa." Akaliangalia tena, kisha akaiangalia ile kanzu kule kwenye mabua makavu. Akaingia ndani na lile sweta mkononi.

Asubuhi ya Jumamosi jua lilikuwa limeshapanda nilipomsikia akiniita. Nilitoka nikitegemea kumwona na shati lake jeupe. Alikuwa amevaa suruali ya shamba, imekunjwa magotini, amepiga magoti kwenye nyasi mbele ya nyumba, mahali ambapo kila anayepita njia ya stoo lazima aone. Mbele yake alikuwa ametandika gunia lililopasuliwa na kunyooshwa. Mkononi alikuwa na kaa la moto lililozimika.

"Kuja hapa," akasema. "Lala. Nyoosha mikono kama uko msalabani."

Nililala. Sijui kama naweza kueleza vizuri kilichofuata. Baba yangu, ambaye sikumbuki kama aliwahi kunishika tangu nilipojua kutembea, alianza kunichora. Alipitisha kaa kandokando ya mkono wangu, polepole, kutoka kwenye kifundo mpaka kwapani, akashuka ubavuni mpaka kiunoni, akazunguka upande wa pili. Nilisikia kaa likikwaruza gunia. Nilisikia pumzi yake. Sikuthubutu kupumua.

"Amka," akasema. Halafu, nje ya mstari ule, akaweka vidole viwili vya mkono wake na kuchora mstari wa pili kuzunguka wa kwanza wote. "Hii ni ya kukua."

Nikaona umbo langu pale chini, jeusi, limefungua mikono. Sikujua kama mimi ni mkubwa hivyo.

Maji yalikuwa ya mvua, kutoka kwenye tangi, kwa sababu alisema ya mto ni magumu, hayatoi povu. Aliyapasha moto kidogo tu, akachovya kiwiko. "Maji ya kuogesha mtoto mchanga," akaniambia. "Ukisikia moto, ni mabaya. Ukisikia baridi, ni mabaya pia. Usisikie kitu." Alikwangua sabuni kwa kisu mpaka ikawa kama unga, akaikoroga mpaka ikapotea, akalilaza sweta ndani kwa mikono yote miwili. Hakulisugua wala kulikamua. Alilikandamiza na kuliachia, akalikandamiza na kuliachia. Mikono ile niliijua kwenye jembe na kwenye pembe za fahali, mikunjo yake imejaa udongo usiotoka. Ndani ya maji yale ilikuwa mikono ya mtu mwingine. Nilikaa kimya kama niko kanisani wakati wa maombi, tena kimya zaidi, kwa sababu kanisani huwa napepesa macho.

"Shuka haina moyo," akasema, haniangalii. "Shuka unaweza kupiga kwa mawe. Sufu ilikuwa mnyama. Ina woga. Ukiishtua, inajikunja, inashikana yenyewe kwa yenyewe. Sasa ni kuibembeleza mpaka iachilie."

Alilitoa akilibeba kwa viganja lisining'inie, akalikunja ndani ya blanketi kuukuu, akalikanyaga kwa miguu mitupu mpaka blanketi likanywa maji. Kisha akalilaza juu ya umbo langu. Lilifika kifuani tu. Nilitaka kukimbia nilipoona umbali uliobaki.

"Lete miiba," akasema.

Kaburu alikuwa ametuachia ua wa kayaba kuzunguka shamba, na miiba ya kayaba ni mirefu na migumu kama sindano ya kushonea magunia. Nilikata mingi, nikajichoma, nikaleta. Baba akaanza kuvuta. Alishika ukingo kwa ncha za vidole, akauvuta kiasi cha upana wa punje ya mahindi, akachomeka mwiba. Akahamia pembeni yake, akavuta, akachomeka. Akizunguka lote, anaanza tena. Likianza kukauka, analirudisha kwenye maji, anabembeleza, anakanyaga blanketi, analilaza, anavuta. Kila mara lilikuwa limesogea mbele kidogo.

Wanaume wakaanza kupita kwenda stoo. Niliwasikia kabla sijawaona.

"Aaa!" mmoja akapaza sauti. "Kumbe dobi ametoka shambani amerudi nyumbani!"

Wakasimama njiani, sita au saba, na makoti yao na fimbo zao, wakacheka. Walicheka vizuri, kama watu waliopewa zawadi. Mmoja akamwambia, kwa sauti ya huruma iliyonikera kuliko kicheko chenyewe, "Mzee, wacha hiyo kazi ya akina mama. Watu wanakungoja. Si unajua leo ni leo?"

Baba hakuinua kichwa. Alikuwa ameshika ukingo wa bega.

"Maji nimeshayavulia nguo, lazima niyaoge," akasema. "Nyinyi tangulieni."

Wakatangulia. Nikamwambia aende, nitavuta mimi, amenionyesha, nimeelewa. Akanijibu kwamba sijaelewa kitu. Nilikuwa na hasira nao, hasira ya kutaka kuwarushia lile debe la maji, na nilikuwa na hasira nami pia, kwa sababu sehemu ndogo yangu ilimwonea haya. Nimeungama dhambi nyingi maishani, lakini hiyo ndiyo iliyochukua muda mrefu kuisema.

Ilipofika saa sita, jua likiwa utosini, nilimuuliza alijifunza wapi kulirudisha sweta.

Akavuta, akachomeka, akavuta. Kisha akaniambia. Mwaka wake wa kwanza kwa Kaburu, hakuna aliyemfundisha juu ya sufu. Alichemsha sweta la memsahib pamoja na shuka, kama nilivyofanya mimi. Jumapili, wageni wakiwa barazani na chai yao, Kaburu alimwita, akamwamuru alivae. Mbele ya wote. Baba alilipitisha kichwani, likakwama hapo, mikono imebanwa juu, macho yamefunikwa, na akasimama hivyo akiwasikia.

"Walicheka?"

"Walicheka mpaka vikombe vikalia."

"Na memsahib?"

Akafikiri, kama mtu anayetaka kutenda haki. "Yeye alicheka kidogo."

Halafu Baba akalichukua lile sweta akaenda nalo kwenye nyumba yake ya udongo, na kwa wiki nzima, kila alipomaliza kazi, aliliweka majini na kulivuta, anajaribu hivi, anajaribu vile, mpaka likarudi. Alilikunja na kuliweka kabatini kwa memsahib.

"Wakasema nini?"

"Hawakusema kitu. Alivaa tu." Akachomeka mwiba. "Tangu siku hiyo hakuna sweta iliniharibikia. Lakini mimi kuongea habari ya sweta, hapana. Ndio maana hukujua. Hiyo makosa ni yangu."

Nilimchukia yule mwanamke kwa chuki ambayo mpaka leo haijapoa, Mungu anisamehe, na siombi msamaha huo kwa bidii sana. Lakini juu ya chuki palikuwa na kitu kikubwa zaidi, na sikuwa na jina lake. Nilimtazama mtu huyu aliyepiga magoti, anayefanya mbele ya macho ya watu lile alilokuwa ameapa hatalifanya, ili niweze kupita lango moja. Nilihisi udogo kama unavyouhisi ukitazama nyota nyingi mno.

Wale wanaume walirudi jua likielekea kuzama. Hawakucheka tena, walikuwa na mambo yao ya kuzungumza. Kamati ilikuwa imechaguliwa. Baba hakuuliza nani, akaniambia niongeze maji kwenye debe.

Jumapili hakwenda kanisani, na mimi sikwenda. Alasiri mwili wa sweta uligusa mstari wa kaa. Ulipogusa alikaa kitako kwa mara ya kwanza tangu jana yake. Mkono wa kulia nao ulifika. Wa kushoto ulibaki nyuma kwa kidole kimoja, na pamoja na yote aliyoujaribia, hapo uligoma.

"Huu ni mkaidi kama wewe," akasema.

Mama aliingia akiwa na vumbi la njia mpaka magotini. Hatukuwa tumepanga la kumwambia. Aliliona sweta kwenye gunia na miiba yake, akaliendea, akalipapasa. Alikuwa analijua kifundo kwa kifundo. Hakuna uongo ungemwingia. Aligusa ule mkono wa kushoto. Aliniangalia mimi, nikaangalia chini. Kisha akaangalia mikono ya Baba, iliyokuwa imejikunja na kuwa myeupe kwa maji, ncha za vidole zimepasuka kwa miiba. Aliweka mzigo wake chini, akaingia ndani, akatoka na kibuyu cha mafuta ya kondoo. Akapiga magoti pale kwenye nyasi, akaichukua mikono ile mmoja mmoja, akaipaka. Mimi nilienda kuchota maji ambayo hayakuhitajika.

Jumanne nilisimama langoni, upepo wa Timboroa ukipita kila mahali ambapo sweta halikuwepo. Mwalimu aliyekuwa akikagua alishika bega langu, akapapasa sufu ile nene, akavuta mkono wa kushoto kidogo kuona kama umefupishwa kwa makusudi.

"Nani amekufumia?"

"Mama yangu."

"Na limefuliwa na nani? Sufu haifuliwi hivi huku kwetu."

Nyuma yangu palikuwa na wasichana ishirini. Ningeweza kusema Mama tena, na mambo yangeisha. "Baba yangu," nikasema, kwa sauti niliyohakikisha imewafika wa mwisho. "Baba yangu ni dobi." Wakacheka. Mwalimu hakucheka. Akaniandika, nikaingia.

Baba hakuchaguliwa kwenye kamati mwaka huo wala mwaka mwingine wowote. Kanzu ilioza kwenye mti wake, na hakuweka nyingine. Kila likizo nilipofika nyumbani alitandika gunia, akanilaza, akanichora upya, na lile sweta alilivuta mpaka kwenye mstari mpya kwa miaka minne. Nalo lilikubali, isipokuwa ule mkono.

Kwa mshahara wangu wa kwanza wa ualimu nilimnunulia Baba uzi wa sufu wa kijivu, Mama akamfumia sweta. Kabla ya kulifua mara ya kwanza tulimlaza tukamchorea gunia lake mwenyewe, na gunia hilo lilikaa juu ya dari kwa miaka mingi baada ya Mama kututoka. Mimi ndiye niliyelifua sweta tangu hapo. Aliketi kwenye kiti chake kunisimamia, na sikuwahi kulifua vizuri kiasi cha kumridhisha.

Halafu mwaka mmoja wa baridi aliniita akiwa amekasirika. "Umevuta sweta yangu," akasema. "Angalia. Imekuwa ya mtu mwingine." Mabega yalikuwa yameshuka mpaka karibu na viwiko, na mikono ilimfunika vidole vyote. Nilimwambia sijalivuta. Akasema nimelivuta, mimi ni mvivu, nimelianika likining'inia kwenye kamba kama mabinti wa siku hizi. Nami nina hasira zangu, nilizirithi mahali. Nikapanda darini, nikateremsha gunia, nikalitandika mbele yake, nikalilaza sweta juu ya mstari.

Lilikaa kwenye mstari ule sawasawa, pande zote, bila kupungua wala kuzidi.

Tuliliangalia sote wawili. Hasira yangu iliniishia mara moja na ningetoa chochote nilirudishe lile gunia darini. Baba aliangalia mstari, kisha akaangalia mikono yake mwenyewe juu ya magoti.

"Basi nichore mimi," akasema.

Nilimsaidia kushuka kutoka kwenye kiti. Alilala chali kwenye gunia, akafungua mikono, akafumba macho kwa ajili ya jua. Nikachukua kaa jikoni. Nikaanza kwenye kifundo cha mkono, nikapanda mpaka kwapani, nikashuka ubavuni, polepole, na njia yote mstari wangu ulipita ndani ya ule wa zamani. Nilipomaliza nikaweka vidole viwili nje yake nichore wa pili.

Alikuwa amefumbua jicho moja. "Hiyo ni ya nini? Mimi sikui tena."

"Ni ya shati la ndani."

Akakubali. Nikamwinua, nikamrudisha kwenye kiti, nikamfunika blanketi. Kisha nikalichukua sweta lake la kijivu, lile ambalo kwa miaka yote hiyo halikuwahi kuguswa na maji yasiyopimwa kwa kiwiko, nikajaza debe, nikachochea kuni. Maji yalipoanza kutoa mvuke nikachovya kidole na kusita, nikamtazama.

"Bado," akasema Baba. "Ongeza moto, mpaka ijikunje."

Nikaongeza.